Shajara ya filta ya hewa: pamba ya kufuliwa na karatasi ya kutupwa, Malindi

Magari ni mawili na yote yanalala ua mmoja hapa Malindi. La kwanza ni Probox yangu, petroli, injini ya 1NZ ya lita 1.5, inayozunguka mjini na kwenda Mombasa kwa lami. La pili ni Hilux ya ami yangu, dizeli, injini ya 5L (jina la injini, si lita tano), na kazi yake ni kupeleka saruji, mabati na unga njia za ndani za Langobaya, Chakama na Magarini. Swali ni kama filta ya hewa ya pamba, ile inayouzwa kwa wapenda mbio kwamba utaifua na kuitia oili maisha yake yote, inafaa kuchukua nafasi ya filta ya karatasi. Naandika kila hatua inapomalizika ili mwenye gari kama haya aweze kufuata, au kuruka pale tulipojikwaa. Bei ni shilingi za Kenya.

11 Januari 2025: hali kabla ya kugusa kitu

Kaskazi imekausha kila kitu na njia za ndani zimekuwa unga. Vumbi la huku si la aina moja. Karibu na bahari, kwenye machimbo ya mawe ya matumbawe, ni jeupe, chokaa tupu, laini. Ukipanda kuelekea ndani unakutana na mchanga mwekundu, ambao wanajiolojia wameupa jina la Magarini yenyewe, na huo kwa sehemu kubwa ni madini ya kwatzi. Kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Vumbi la chokaa linachafua filta, la kwatzi linakula ringi za pistoni.

Tulifungua boksi la filta la Hilux kwanza. Nikamuuliza fundi aliyezoea kuifanyia servisi.

"Fundi, hii karatasi imepulizwa mara ngapi?"

"Tunapuliza mpaka ikatae, bosi."

Ndiyo desturi ya gereji zetu nyingi. Filta inatolewa, inagongwa kwenye tairi, inapigwa upepo wa kompresa, inarudishwa. Nikaingia nayo stoo, nikafunga mlango, nikatia taa ya simu ndani ya duara lake. Mwanga ukatoka kwa nukta nukta pembeni mwa mikunjo, na mahali pamoja palipochanika ukatoka mstari mzima.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Karatasi mpya haichuji vizuri kuliko iliyotumika kidogo. Vumbi la mwanzo hujipanga juu ya nyuzi likawa chujio la pili, kwa hiyo uchujaji unapanda kadiri filta inavyochafuka, mpaka pale injini inapobanwa pumzi. Kompresa inaondoa tabaka hilo na kulegeza nyuzi, na mdomo wa upepo ukisogezwa karibu, inatoboa. Matangazo yanashindanisha filta ya kufuliwa na ya kutupwa. Huku kwetu shindano halisi ni kati ya filta iliyoundwa ifuliwe na filta ya kutupwa ambayo hatuitupi. Mradi mzima nimeupanga juu ya hilo.

18 Januari: kipimo cha maji

Kabla ya kununua cha ghali tulihitaji namba. Kuinua filta juani na kuitazama hakukwambii injini inabanwa kiasi gani. Dawa ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa umbo la U na kufungwa kwenye ubao wenye rula, ukatiwa maji nusu. Ncha moja inaingia kwenye boksi upande wa hewa chafu, nyingine upande wa hewa safi. Injini ikivuta, maji yanapanda upande mmoja na kushuka mwingine, na tofauti ya urefu kwa milimita ndiyo ugumu wa filta hiyo. Mpira, vijibomba vya shaba vya kutoboza kwenye boksi, gundi na rula vilifika 680. Ubao ulikuwepo. Maji niliyatia rangi ya biriani ili yasomeke gari likitembea, na msomaji ni binamu yangu kwenye kiti cha abiria.

Mara ya kwanza hakikusomeka kabisa. Silinda zinavuta kwa zamu, hewa inakwenda kwa mapigo, na maji yalirukaruka juu chini hata rula ikawa haina maana. Kwenye Hilux yalikaribia kuingia boksini. Kilichotuliza ni kifuniko cha biro kilichotobolewa kwa sindano ya moto na kupachikwa ndani ya mpira upande safi. Tundu dogo linameza mapigo, wastani unabaki. Pia pandisheni mpira ufanye kitanzi juu kuliko boksi kabla ya kuushusha kwenye ubao. Maji na sensa ya hewa ya Probox, ile inayoipimia kompyuta hewa inayoingia, havipatani, na sensa hiyo imekaa mdomoni kabisa mwa boksi.

1 Februari: namba za kuanzia

Karatasi mpya kwa magari yote mawili. Ya Probox 900, ya Hilux 1,600, si za kampuni iliyounda gari lakini ni za daraja zuri, mpira wake wa kuziba ni laini na mikunjo imelingana. Zipo za bei nusu ya hizo. Mbili nilizozishika dukani mikunjo ilikuwa michache na imelala upande mmoja, nikaziacha.

Pedali chini kabisa, mizunguko ya injini inapokaribia 5,000 kwa dakika, Probox inasoma kama milimita 45. Hilux, kwenye mizunguko 3,500 na mzigo, 60. Sasa angalieni hili: ile karatasi ya zamani ya Hilux, iliyopulizwa mpaka ikakataa, ilisoma 70 tu. Kwa macho ya kipimo ni filta nzima. Inapumua vizuri kwa sababu imetoboka. Kwa hiyo kipimo cha maji kinakwambia kuziba tu, hakikwambii kuvuja, na mtu anayekitumia peke yake atadanganyika.

Nikapiga na hesabu ya pumzi. Dizeli ya zamani kama 5L haina kilango cha kupunguza hewa. Dereva akikanyaga anaongeza mafuta, hewa inaingia kifua kizima muda wote. Ujazo ni cc 2,986, nusu yake kwa kila mzunguko, mara 2,000 kwa dakika: karibu lita 3,000 za hewa kila dakika, mita za ujazo kama 180 kwa saa. Probox ikizunguka mjini kwa mguu mwepesi haifiki robo ya hapo. Kwa maneno mengine, gari linalokwenda kwenye vumbi zaidi ndilo hilo hilo linalovuta hewa zaidi.

15 Februari: pamba yaingia

Filta ya pamba ya Probox, bapa, 9,500. Ya Hilux, ya duara, 13,000, iliagizwa Mombasa. Chupa ya sabuni yake pamoja na ya oili yake, 3,200. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nazijaribu kama aina.

Muundo ni tabaka za kitambaa cha pamba katikati ya nyavu mbili za waya, vyote vimekunjwa pamoja, kisha oili nyekundu inayonata. Tundu za pamba ni kubwa kuliko za karatasi, na kinachonasa vumbi dogo ni ule unato wa oili. Biashara hii ilipewa umaarufu na kampuni ya K&N, iliyoanzishwa mwaka 1969 huko California. Lakini wazo la kunasa vumbi kwa oili ni la zamani zaidi. Ami alipoiona alicheka: Land Rover za zamani zilikuwa na bakuli la oili, hewa inapigwa juu ya oili kisha inapita kwenye nyuzi za waya, na trekta za Massey Ferguson 135 vivyo hivyo. Ulimwaga tope, ukatia oili mpya, ukaenda zako. "Mwanangu, hii ni ile ile, imevaa nguo ya sikukuu."

Namba: Probox kwa pamba inasoma 28 badala ya 45. Tangazo halikudanganya, pamba inapitisha hewa kwa urahisi zaidi. Sasa tuitafsiri kwa nguvu. Hewa ya dunia usawa wa bahari inasukuma kwa nguvu sawa na safu ya maji ya mita 10.3, yaani milimita 10,300. Tulichookoa ni milimita 17. Hiyo haifiki moja ya tano ya asilimia moja. Injini ya 1NZ ina nguvu ya farasi karibu 110, kwa hiyo faida ni chini ya robo ya farasi mmoja, na hapo ni kwa pedali iliyokanyagwa mpaka mwisho. Binamu anaapa gari limekuwa jepesi. Sauti ya kuvuta ndiyo imeongezeka kidogo, na sikio ni rahisi kulishawishi.

Mafuta je? Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilichapisha mwaka 2009 majaribio ya kuziba filta kwenye magari ya petroli yenye kompyuta. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana, kilichoshuka ni wepesi wa kuongeza mwendo. Ukibanwa pumzi unakanyaga zaidi, kilango kinafunguka zaidi, kompyuta inapima hewa iliyoingia na kutoa mafuta yanayolingana nayo. Basi kama filta iliyoziba haili mafuta, filta iliyo wazi kupita kawaida itaokoa nini? Anayewauzia filta ya pamba kwa hoja ya mafuta kwenye Probox, mwambieni asante.

8 Machi: grisi na kitambaa cheupe

Ramadhani, gereji zinafunga mapema, kazi inakwenda pole pole. Lakini hatua hii ndiyo yenye nyama.

Kujua kinachovuja, tulipaka grisi nyembamba ndani ya bomba la hewa la Hilux, baada ya filta, kabla ya injini. Vumbi likipita linanasa. Ukirudi unapangusa kwa kitambaa cheupe. Msifanye hivi kwenye gari lenye sensa ya hewa kwenye bomba hilo, na ndiyo maana Probox haikuguswa.

Safari ya kwanza kwa pamba, ndani ya Chakama na kurudi. Kitambaa kilitoka na mstari mwekundu upande mmoja, kwingine safi. Binamu akatoa hukumu papo hapo: pamba mbovu. Mimi sikukubaliana, kwa sababu kitambaa cha filta kikipitisha vumbi kitapitisha mzunguko mzima. Mstari maana yake kuna njia.

Tukaazima chetezo ndani. Makaa, ubani kidogo, injini ikinguruma polepole, boksi limefungwa lakini bomba lake la nje limezibwa kwa kitambaa ili ivute kwa shida. Ukizungusha chetezo kando ya viungo vyote, moshi unaelea mpaka ufike penye tundu, hapo unanyooka na kuingia. Uliingia chini, kwenye nati ya mabawa inayoshika filta kwenye boliti yake. Boliti hiyo inapita katikati ya kifuniko cha boksi na kutokea upande wa hewa safi. Chini ya nati hutakiwa kuwa na washa ya mpira, na iliyokuwepo ilikuwa washa ya chuma tupu. Haijulikani ni servisi gani iliyoila ile ya mpira. Kila filta iliyowahi kukaa humo, ya karatasi na ya pamba, ilikuwa inapitwa pembeni.

Tulikata washa mbili kutoka tyubu ya zamani ya tairi, tukaweka moja juu ya nyingine, nati ikabana. Gharama hakuna. Moshi ukazunguka ukaenda zake. Kwa fedha na kwa jasho, hakuna hatua ya mradi huu iliyokuwa rahisi kuliko hiyo, na hakuna iliyozuia vumbi kama hiyo.

Baada ya hapo tukarudia kwa haki: njia ile ile, mzigo wa karibu sawa, kwanza karatasi kisha pamba. Karatasi: kitambaa kilitoka na rangi ya grisi tu, labda kivuli. Pamba: wingu la kahawia jepesi, mzunguko mzima, hakuna mstari. Hiyo sasa ni filta yenyewe.

Namba za kiwandani zinaelekea upande huo huo. Kuna kipimo cha kimataifa, ISO 5011, kinachoeleza jinsi ya kurushia filta vumbi lililopimwa na kuangalia kiasi kilichonaswa. Watengenezaji wa pamba wenyewe hutaja asilimia 96 hadi 99. Karatasi nzuri huanzia 99. Inaonekana kama tofauti ya kubishania barazani, lakini igeuzeni: katika gramu 100 za vumbi, filta ya asilimia 99 inapitisha gramu 1, ya asilimia 97 inapitisha gramu 3. Injini haihesabu kilichonaswa. Kwake ni vumbi mara tatu.

22 Machi: mizani ya sonara

Nilitaka kujua karatasi ya Hilux inabeba vumbi kiasi gani kabla ya kubana. Mizani ya duka haioni gramu, basi nikaenda kwa sonara. Akaigeuza filta mkononi, akauliza, "Na hii ni karati ngapi?" Akanipimia bila malipo.

Uzito haukukubali. Filta ile ile, haijatumika baina ya vipimo, asubuhi ilikuwa nzito kuliko alasiri, na tofauti ilikaribia kiasi cha vumbi nililokuwa nikilitafuta. Sababu ni hewa yetu: karatasi na pamba hunywa unyevu wa bahari usiku na kuuachia jua likipanda. Ufumbuzi ni kuwa na filta mpya isiyotumika inayokaa pamoja na ile nyingine, rafu moja, na kupimwa saa moja. Mpya ikiongezeka, unatoa ongezeko hilo kwenye zote. Baada ya hapo namba zilitulia, ila nimeacha kuzifuatilia, kwa sababu kipimo cha maji kinatoa jibu lile lile bila kumsumbua sonara wa watu.

19 Aprili: kufua

Masika imeanza, pamba ya Hilux imesoma 150, ni wakati wa kuifua. Maelekezo ya chupa ni mafupi: nyunyiza sabuni, subiri kama dakika 10, suuza kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kausha bila kompresa wala moto, tia oili, acha isambae. Kila kipengele hapo kilipata shida yake.

Maji kwanza. Bomba la mji, ambalo maji yake yanatoka Baricho kwenye mto Sabaki, lilikuwa kavu siku hiyo, ikasuuzwa kwa maji ya kisima. Visima vya mtaani kwetu vina chumvi. Ilipokauka, kwenye mikunjo kulikuwa na punje nyeupe na wavu wa waya umepauka. Chumvi inavuta unyevu, unyevu unakula waya. Ikarudiwa kwa maji ya mvua, ambayo Aprili si ya kutafutwa, na punje zikaondoka. Mwenye kisima cha chumvi ajiwekee dumu la maji ya mvua kwa kazi hii.

Kukausha pili. Masika hewa imeshiba maji, filta ikakaa kivulini zaidi ya siku nzima na katikati ya mikunjo bado mbichi. Gari la kazi halingoji. Tulirudisha karatasi Hilux ikatoka. Hii haisemwi dukani: filta ya kufuliwa kwenye gari la biashara maana yake uwe na filta ya pili.

Tatu, kijana wa gereji alikuja na njia zake za mkato. "Kaka, petroli inatoa uchafu mara moja, na oili tumia yoyote, oili ni oili." Alikuwa na filta ya pamba ya pikipiki iliyokwisha kazi, basi tukaijaribia hiyo badala ya kubishana. Kwenye petroli, fremu ya mpira ilivimba hadi kesho yake haikukaa tena kwenye kiti chake. Kuhusu oili, nusu tulitia oili ya injini, nusu ile nyekundu ya giaboksi otomatiki, tukaisimamisha ukutani juani. Zote mbili zilitiririka chini. Mikunjo ya juu ikabaki mikavu, ya chini ikadondosha. Oili ya filta yenyewe ilibaki ilipowekwa. Si rangi inayofanya kazi, ni unato.

14 Juni: Probox yatetemeka

Probox ilipelekwa servisi ya kawaida gereji nyingine, na huko walioiona filta ya pamba wakaihurumia, wakaimwagia oili ya kutosha. Siku chache baadaye injini ikawa inatetemeka taa nyekundu za barabarani, na kuondoka kwake kukawa kwa kusitasita.

Sensa ya hewa ya gari hili hupima kwa joto: waya mwembamba sana unapashwa, hewa inaupoza, na kompyuta inasoma umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Oili ikitua juu yake, vumbi linaganda, waya hauhisi hewa sawasawa, na mafuta yanatolewa kwa kipimo cha uongo. Dawa ni skrubu mbili, dawa ya kupuliza ya kusafishia sensa (900), usiguse waya kwa kidole wala pamba, acha ikauke, rudisha. Injini ikatulia siku ile ile. Filta ilifuliwa upya na kutiwa oili mstari mmoja kwa kila mkunjo, kisha ikaachwa usiku kucha juu ya gazeti. Gazeti lilipata doa kubwa mara ya kwanza, mara ya pili halikupata kitu, na hapo ndipo ilipofaa kurudi boksini. Jaribio la gazeti nalipendekeza kwa kila mwenye sensa.

26 Julai: kuinua pua ya Hilux

Kwa kuwa pamba inapitisha zaidi na karatasi inajaa upesi, tuliamua kushughulikia vumbi kabla halijafika kwenye filta. Mdomo wa hewa wa Hilux uko nyuma ya taa, karibu na tairi, mahali ambapo vumbi la gari la mbele na la gurudumu lake mwenyewe linakutana. Fundi wa jua kali alitutengenezea bomba la kupanda kando ya kioo hadi usawa wa paa, 6,000. Juu yake tukafunga bakuli la plastiki linaloonyesha ndani, lenye mapezi yanayoizungusha hewa ili chembe nzito zirushwe pembeni, 5,500.

Chetezo tena, na ikawa heri. Kiungo kimoja cha kuchomelea kilivuta moshi, chini ambako jicho halifiki. Kiko kabla ya filta, kwa hiyo si hatari ya mara moja, lakini kwenye mto kingeingiza maji. Fundi alikirudia bila kudai kitu.

Bakuli linakusanya mchanga, wa chembe kubwa, mwekundu, na unamwagwa kila jioni. Vumbi laini lenyewe linapita na kufika kwenye filta kama zamani, msitarajie muujiza. Karatasi ilianza 60, sasa inasoma 85, wakati Machi kwa kazi ya kiasi hicho ilikuwa imeshapita 190. Nusu ya sifa hiyo ni ya kusi na mvua, maana Julai si Februari. Namba ya haki itapatikana kaskazi ikirudi.

Kabla ya bakuli tulijaribu pia soksi ndefu ya nailoni juu ya mdomo wa bomba, ushauri wa dereva mmoja wa Garsen. Inafanya kazi kwa mchanga na wadudu. Mvua ya kwanza iliilowesha, ikanyonywa ndani kidogo, tukaitoa. Muuza soksi sokoni bado ananitazama vibaya.

4 Oktoba: hesabu na uamuzi

Bila karatasi, zimetoka 38,780: kipimo 680, pamba mbili 22,500, sabuni na oili 3,200, dawa ya sensa 900, bomba na bakuli 11,500.

Probox: pamba na chupa zake ni 12,700, karatasi ni 900, kwa hiyo pamba inajilipa baada ya karatasi kama 14. Kwa lami nabadilisha karatasi kila kilomita 20,000. Hiyo ni kilomita 280,000, na chupa zitakuwa zimekwisha na kununuliwa tena kabla ya hapo. Ningekuwa naendesha kwenye vumbi na kubadilisha kila 5,000, ingejilipa kwa kilomita 70,000, ila huko kwenye vumbi ndiko inakopitisha zaidi na kutaka kufuliwa kila mara. Inalipa pale isipofaa. Pamba itabaki kwenye Probox kwa sababu imeshanunuliwa na lami haina vumbi la kutisha. Ikifa, narudi karatasi.

Hilux: karatasi, bakuli, washa ya mpira. Kompresa haigusi tena. Ubao wa maji umefupishwa na kufungwa ndani ya boneti, na alama nyekundu imewekwa milimita 400. Vipimo vya dukani vya filta za dizeli huwekwa inchi 20 hadi 25 za maji, yaani milimita 508 hadi 635, sisi tumeshuka chini kidogo kwa ajili ya kupanda kilima na mzigo wa saruji. Ikifika alama, karatasi inatupwa. Ami alipinga neno hilo la kutupwa kwa wiki nzima, mpaka nilipomwonyesha stoo ile karatasi ya Januari na taa ya simu ndani yake.

18 Oktoba

Pamba ya Hilux imepata mteja, mwenye gari la kubeba wageni Watamu, lami tupu, injini ile ile. Ameichukua kwa 6,000 pamoja na oili iliyobaki. Nimemkatia na washa mbili za tyubu, na tukaangalia nati yake kabla hajaondoka: na washa yake ilikuwa ya chuma tupu.